Upinde Juu ya Sufuria ya Maharagwe

Nilikuwa bado mtoto, meno ya mbele yameota upya na yamezidi mdomo, siku Bibi alipotoka kuswali adhuhuri akanikuta nimeinamia sufuria ya maharagwe huku nimeshika ncha ya upinde. Tangu siku ile mpaka leo ninapoandika, kuna nyumba Buyenzi, mtaa wetu hapa Bujumbura, ambazo hazili chakula kilichopita mikononi mwangu. Nimeshakuwa mtu mzima. Nina watoto, nina mkahawa wangu Rohero ambako makarani wa maofisini wanapanga foleni kila mchana wakigombania maharagwe yangu, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kudhurika zaidi ya kuvimbiwa. Lakini Buyenzi, nilikozaliwa, mimi bado ni yule mtoto wa upinde. Watu huniuliza kwa nini nikizungumzia jambo hili sauti yangu inapanda. Inapanda kwa sababu ina haki ya kupanda.

Baba yangu alikuwa seremala. Alitengeneza vitanda na meza, na zaidi ya yote viti vyenye mikono iliyopinda, ambavyo wakubwa wa Kigobe walivipenda mno. Mama alifariki nikiwa mchanga, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: Baba, mama yake ambaye ndiye Bibi, na mimi, Zena. Karakana ya Baba ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka nyumbani, upande wa mto Ntahangwa.

Vita vilikuwa vimeshaingia mjini. Kulikuwa na siku ambazo Bujumbura nzima ilifungwa: maduka kimya, barabara zimezibwa kwa mawe na matairi, vijana wamesimama kwenye vizuizi hivyo, baryeri zao, wakimuuliza kila mpita njia anatoka wapi na ni mtoto wa nani, yaani wa kabila gani. Shule zilikuwa zimefungwa pia. Baba aliogopa kwamba nitachungulia barabarani na kuona yasiyofaa kuonwa na mtoto, akatafuta kazi ya kunishikilia uani. Kazi hiyo ikawa kutengeneza upinde.

Mwanzoni ulikuwa tawi la mpera tu, limechongwa likawa laini, na uzi wa nailoni tuliouchomoa kwenye tairi bovu. Nilikuwa nalenga shina la mgomba lililokuwa pembeni mwa ua. Mshale wangu wa tete ulitoka kwa uvivu, ukaanguka kabla ya kufika. Nikalia kwa hasira, maana hasira ninayo tangu utotoni. Baba hakunicheka. Alifungua uzi, akalaza upinde gotini, akapapasa ncha zake.

“Hii muti iko na nguvu,” akasema, “lakini nguvu inalala huku mwishoni. Tutageuza hizi ncha ziangalie mbele. Utaona.”

Sijawahi tena kufundishwa kitu chochote kwa subira kama ile. Alinipa kipande cha chupa akanionyesha namna ya kukwangua ncha polepole, kwa kufuata nyuzi za mti, maana ukizikata nyuzi ncha itapasuka siku ya kuvuta. Nilikwangua mpaka ncha zote mbili zikawa bapa na nyembamba kama kidole changu cha mwisho. Kila mara alizipima kwa vidole vyake, akinirudishia: bado, bado kidogo, huku umezidisha. Ncha moja ikiwa nyepesi kuliko mwenzake, alisema, upinde utageuka mkononi na uzi utakupiga usoni.

Kazi ya pili ilikuwa kuilainisha ncha ili ikubali kupinda. Moto haufai, kwa sababu moto unakausha mti na kuuvunja. Kinachotakiwa ni mvuke. Ncha inakaa juu ya maji yanayochemka, imefunikwa gunia bichi, mpaka mti ulegee wenyewe. Hapo unaiwahi, unaibana juu ya kalibu, yaani kigogo kilichochongwa kwa mkunjo unaoutaka, kisha unaifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, unavuta kwa nguvu zako zote. Halafu unaacha. Kuacha ndiko kulikonishinda, maana mti unataka siku kadhaa za kukauka, na ukiufungua mapema unanyooka tena kana kwamba hukufanya kitu. Ukikauka vizuri, ncha zinabaki zimebinuka kwenda mbele, mbali na mpigaji, na ule mkunjo mdogo unauongezea mshale mbio.

Baba alikuwa na debe lake la mvuke karakanani, alilolitumia kwa mikono ya viti. Lakini wiki ile kwenda karakanani na mtoto haikuwezekana, na makaa hayakuwa yanateremka kutoka milimani. Uani kwetu ulikuwepo moto mmoja tu, kwenye mbabula ya Bibi, jiko lake la makaa, na juu yake maharagwe yaliyokuwa yakichemka tangu asubuhi. Bibi alikuwa ndani anaswali. Baba akaitazama sufuria, akanitazama mimi, akatabasamu.

“Maji ni maji,” akasema.

Naomba msomaji ashike hili vizuri, kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Baba ndiye aliyefunua sufuria. Baba ndiye aliyeweka gunia na kuushika upinde juu ya mvuke, ncha ya kwanza mpaka tukaifunga, kisha ya pili. Mimi nilikuwa nimeshika gunia. Ncha ya pili ilipolegea alinipa mimi niishikilie ili achukue kalibu iliyokuwa ukutani, hatua chache tu kutoka pale. Hapo ndipo Bibi alipotokea mlangoni, bado amejitanda mtandio wa kuswalia.

“We Zena! Upinde juu ya chakula?”

Bibi alikuwa na miiko yake aliyokuja nayo kutoka Rumonge. Hufagii usiku, hukalii kinu, na kitu cha kuwindia hakipiti juu ya chungu kilicho motoni, kwa sababu watakaokula chakula hicho nao watawindwa. Alituambia yote hayo pale pale.

“Mama,” Baba akamjibu, kalibu mkononi, “mvuke hauwezi kujua kama uko wa maharagi.”

“Cheka tu. Mi nimesema. Wenye kula hii batawindwa.”

Alisema hivyo, na saa moja baadaye tulikula wote, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kula. Bibi alikula. Aliramba na mwiko. Jirani yetu, Mama Sefu, ambaye ua wake na wetu vilitenganishwa na mabati tu, alisikia ugomvi, akaja na bakuli lake, akacheka sana kisa kile, akaondoka na bakuli limejaa. Nami nikalala na upinde wangu kando ya kitanda, ncha zake zimefungwa kwenye vigogo.

Asubuhi yake Baba alikwenda peke yake kutazama karakana. Hakurudi mchana. Alasiri Mama Sefu aliingia kwetu mbio, mtandio umemdondoka, akasema watu wenye pikapu wamemchukua Seremala mlangoni pa karakana yake. Watu gani? Hajui. Wameelekea wapi? Hajui. Nani amewaona? Kila mtu amewaona na hakuna aliyewaona. Bibi akakaa chini, palepale kwenye vumbi. Kisha Mama Sefu akashika tumbo lake, macho yakamtoka.

“Maharagi,” akasema. “Yarabi, na mi nilikula.”

Mpaka leo nikifikiria siku zile chache zilizofuata, damu inanichemka. Mtu amechukuliwa mchana kweupe, mbele ya macho ya mtaa mzima. Palikuwa na watu wa kwenda kuulizwa, palikuwa na wazee wa msikiti wanaofahamika mpaka kwa wenye bunduki, palikuwa na njia ya kuuliza ile pikapu ni ya nani. Badala yake ua wetu ulijaa kina mama waliokuja kushughulikia upinde. Waliuvunja kwa shoka, ncha zikiwa bado zimefungwa kwa mpira, bado mbichi. Sikuwahi kuona ungepiga vipi. Walichimba shimo nyuma ya choo wakaizika sufuria, sufuria yetu nzuri ya bati nene, Bibi akiililia kama mtoto wake. Kisha wakamwita mwalimu wa madrasa akayasomea maji dua, wakanivua nguo uani, wakaniogesha kwa maji hayo. Wakaniambia kwamba nisiguse tena chakula cha watu.

“Si mi peke yangu,” nilisema, meno yanagongana kwa baridi. “Baba ndio alishika.”

Mama Sefu alinifinya mdomo kwa vidole viwili. “Unamusingizia baba yako na hayupo? We mutoto uko na roho gani?”

Nilimgeukia Bibi. Alikuwa amemwona Baba na kalibu mkononi, na alikuwa amebishana naye. Bibi aliangalia ardhi. Basi nikaamua kungoja. Baba atarudi, nilijiambia, na akirudi atasema sentensi moja tu, kwamba tulishika wote, na mambo yatakwisha. Sikuwahi kufikiria kwamba hatarudi. Kila nilipomwombea arudi nilimwombea pia aiseme ile sentensi.

Alirudi kwa miguu, asubuhi, uso umevimba na mkono wa kushoto umevunjwa vidole. Mtaa wote ukamiminika kwetu. Walimkalisha kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe, wakampa maji. Nilipenya katikati ya miguu ya watu mpaka nikafika mbele yake. Mama Sefu akamwuliza kwa sauti iliyosikika na wote:

“Seremala, ni banani balikufanyia hivi?”

Baba aliinua macho, akayapitisha juu ya watu taratibu, mpaka mlangoni.

“Au ni ile upinde,” Mama Sefu akasema. “Si ni ile upinde?”

Baba akanitazama. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kuweza kugusa goti lake, na nilimwambia kwa macho, sema, sema sasa.

“Ndio,” akasema. “Ni upinde ya mutoto.”

Nakumbuka jinsi watu walivyoshusha pumzi. Uani kwetu wote walipata nafuu kwa mara moja, wakaanza kuongea, wengine wakacheka. Jambo lilikuwa limepata mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na miaka tisa.

Sitaki kuhesabu niliyoyapata baada ya hapo, ila mawili matatu niyaseme. Mwezi wa Ramadhani, Buyenzi, watoto wa kike ndio wanaobeba sahani za futari kutoka nyumba hadi nyumba, zimefunikwa vitambaa, na kila mtoto anajivunia cha kwao. Zangu zilirudi zimejaa. “Mwambie Bibi asante, tumeshiba,” waliniambia kwenye mlango, na adhana haijaadhiniwa! Nilipokuwa msichana mkubwa alikuja kijana kunichumbia, fundi magari, mtu mpole. Mama yake aliuliza jina langu mtaani mara moja tu, wakaacha kuja. Na ile sufuria yetu iliyozikwa? Haikumaliza mwaka shimoni. Siku moja nilitumwa chumvi kwa Mama Sefu nikaikuta motoni inapika wali, na mpini wake mmoja uliopinda nilikuwa naujua kama kidole changu. Sufuria ilikuwa imesamehewa. Nilirudi nyumbani bila chumvi.

Baba hakunifundisha tena kazi ya mbao. Alisema mkono wake hauwezi. Kila nilipokaa mbele yake alipata kitu cha kutazama kwingine.

Miaka ilipita, Bibi akafariki, vita vikaisha. Niliolewa na mtu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, aliyekimbilia huku na ndugu zake, mtu ambaye kisa cha upinde alikisikia kutoka kwangu mwenyewe akacheka mpaka akakohoa. Tulihamia Carama, penye mashamba na majirani wasionijua. Baba alibaki Buyenzi, lakini alikuja kwetu mara kwa mara, na alikula chakula changu vizuri tu, mlango ukiwa umefungwa. Mwanzoni nilifurahi. Baadaye nikaanza kuutazama ule mlango. Alasiri moja niliondoa sahani mbele yake kabla hajaigusa.

“Baba, ulijua nani alishika upinde. Kwa nini ulisema vile?”

Akaniambia, kwa maneno machache, kama mtu anayetema mwiba. Wiki ile watu waliokimbia kata nyingine, mama na watoto wake, walikuwa wamelala karakanani kwake, na akawavusha mto. Hakuwauliza kabila lao. Aliyewaonyesha watu wa pikapu ile karakana ni Sefu, mtoto wa Mama Sefu, ambaye siku hizo alikuwa anasimama baryeri. Baba alimwona kwa macho yake.

“Na siku nilirudi, Sefu alikuwa pale mulangoni, mikono amekunja,” Baba akasema. “Alikuwa anangoja nitasema nini. Nikisema jina yake, tunachomwa wote na nyumba. Nikisema sijui, anajua naficha. Halafu mama yake akanipa ile upinde.”

“Na mimi je?”

“We ulikuwa mutoto, Zena. Nilisema batasahau.”

“Vita viliisha, Baba.”

“Sefu iko palepale,” akajibu.

Nilielewa. Najua kuna wasomaji watakaotaka niseme kwamba kuelewa kulinituliza, na ninawaomba radhi, hakukunituliza hata kidogo. Alituokoa, sikatai. Lakini aliokoa nyumba ya watu watatu kwa kumtoa mmoja, na huyo mmoja hakuambiwa. Miaka yote nilijua nimesingiziwa, na bado nilikuwa nikiamka usiku kujiuliza kama labda mvuke ule kweli ulikuwa na kitu. Nilimkasirikia Baba, nilimkasirikia Bibi kaburini kwake, na niliwakasirikia wale kina mama wote, ambao kumwogesha mtoto uchi uani kulikuwa kwao rahisi kuliko kuuliza pikapu ni ya nani. Nilimwambia Baba: sitaki umtaje Sefu, kaa na jina lake. Ninachotaka ni useme mbele yao nani alishika upinde. Akaahidi kusema siku ya Idi.

Na kweli alisema. Siku hiyo watu walikuja kumsalimia uani kwake kama kawaida, kwa sababu ni mzee sasa. Sefu alikuwepo, mfanyabiashara mwenye tumbo na kanzu nyeupe, anayegawa sukari kwa maskini kila Ramadhani. Mama yake alikuwa amekalishwa kivulini. Nilikuwa nimeleta sinia la pilau, nimepika mwenyewe tangu alfajiri. Baba alisimama akishikilia kiti.

“Nataka mujue kitu,” akasema. “Ile siku ya upinde, mi ndio nilishika ile muti juu ya chungu. Mutoto alikuwa ananisaidia tu. Nilimubebesha bure.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. Nilijiandaa wakatae, wawake hasira, au mmoja alie. Vijana walitazamana wakauliza, upinde gani tena? Mtu mmoja akacheka. Sefu akasema kwa upole, “Mzee, kaa ukule, chakula inapoa.” Na Mama Sefu akapunga mkono, kama anayefukuza nzi.

“Aa, ile? Yalikuwa maneno tu ya vita. Nani anakumbuka?”

Nilikwenda mpaka kwenye kiti chake, nikapiga magoti kwa adabu zote nilizofundishwa, nikamwekea sahani ya pilau mbele yake. “Basi karibu, Mama,” nikamwambia. Aliitazama. Wenzake waliokuwa karibu waliitazama pia. Mkono wake ulinyanyuka kidogo kutoka gotini, ukarudi.

“Nimeshiba, mwanangu,” akasema.

Hakuna aliyegusa sinia. Sababu walikuwa wameisahau, au walisema wameisahau, lakini mikono yao haikusogea. Sefu alikuwa ameleta sambusa za kununua, na hizo zilizungushwa mpaka zikaisha, na vidole vikarambwa.

Ndipo Baba alipovuta kiti chake mbele ya sinia langu. Alinawa, akasema bismillahi kwa sauti, akaanza kula. Alikula mbele yao wote kwa mkono wake wa kulia, ule mbovu ukiwa umelala mapajani, bila haraka, bila kuinua uso. Waliokuwa wanaongea waliacha. Alipomaliza sahani yake alivuta ile niliyomwekea Mama Sefu, akaila na hiyo, kisha akaanza kuchota sinia lenyewe, chakula cha kuwatosha watu wazima wanne. Jasho lilikuwa linamtoka. Nilimwambia, Baba, inatosha. Hakunisikiliza. Usiku ule tumbo lilimsumbua mpaka karibu na alfajiri, na mimi ndiye niliyemchemshia tangawizi.

Nikiwa nimekaa pale kando ya kitanda chake nilijiuliza kama nimemsamehe. Sikutaka kujidanganya, nimedanganywa vya kutosha. Nilimsamehe kiasi cha sinia lile.